Fahali Akikimbia, Andikeni Amekimbia

Ndugu Mhariri,

Mulembe kwako na kwa wote wanaokusaidia kutuchanganya. Mimi ni Patroba wa Malinya, mwenye fahali wa kupigana. Nalishtaki gazeti lako, na nitajaribu kuwa na adabu.

1. Tangu enzi za babu zetu, fahali akikimbia ameshindwa. Mwenyewe humfuata na kamba, sisi wengine tunarudi nyumbani na ngoma za isikuti, mambo kwisha. Jumamosi fahali wa jirani yangu Erastus alimpa wangu mgongo, akavunja ua wa Pascalia, akapotelea kwenye miwa. Malinya nzima iliona. Na tulikuwa tumekubaliana kwamba mshindwa amwachie mwenzake uenyekiti wa kamati ya mafahali.

2. Erastus, ambaye husoma gazeti lako mpaka matangazo ya vifo, aliwaita watu pale kwa kinyozi akatangaza: "Fahali wangu hakukimbia. Amerudi mashinani kushauriana na wafuasi." Wakapiga makofi, Mhariri! Uenyekiti bado ameukalia.

3. Sasa kijiji kimegawanyika. Kuna wanaosema alikimbia, na kuna wanaosema inadaiwa alikimbia. Hawa wa pili wananiambia eti haki ni kusikiza pande zote mbili. Upande wa pili ni ng'ombe.

4. Ugonjwa huu umeingia mpaka kwangu. Nilimuuliza mke wangu Navalayo ile ingokho, kuku niliyewawekea wageni, ameenda wapi. Akasema hawezi kuzungumzia suala linalochunguzwa, huku anajipangusa mafuta mdomoni. Hiyo iliniuma kuliko ya Erastus.

Kwa hivyo naomba, kuanzia toleo la kesho, anayekimbia aandikwe amekimbia, awe mheshimiwa au awe fahali. Mkishindwa, njooni uwanjani mjifunze kwa ng'ombe. Yeye hana msemaji.

Nisalimie wapiga picha, wauza magazeti wa Shirere, na yule mchambuzi wenu anayeijua kesho kuliko jana.

Ni mimi, mwenye machungu na haki,
Patroba

Nyongeza: Kabla sijaituma barua hii, Erastus alidai marudiano, yakafanyika jana. Fahali wangu ameonekana mbali, huko Khwisero. Tafadhali andika kwamba yuko kwenye ziara ya kukutana na wananchi. Duru za kuaminika, yaani mimi, zinasema bado anaongoza.