Doti Juu ya Chuma

Jumanne, 5 Machi 2013
Nimezaliwa na bahati, ndivyo nilivyo. Hapa Nyakunguru nikikanyaga tope, hunata dhahabu. Leo binamu kavuka mpaka wa Sirari, kaniletea kioo cha kulengea bunduki chenye doti nyekundu! Nimekifunga kwenye bunduki ya mzee Heche, mwenye duara, shimo la dhahabu ninalolinda. Mlinzi mwenzangu Gati analenga kwa chuma tu: kinundu mbele, kijitundu nyuma. Maskini! Mimi doti ninayo, chuma ninacho.

Jumatano, 6 Machi
Wachimbaji wamejaa. Nimetoa risasi kwenye bunduki, wakachungulia kioo. Mmoja akauliza doti ya nini. Ulimi huu! Nikasema inaona dhahabu: ikikaa juu ya kinundu cha chuma, chini pana mali. Ikiyumba, kokoto tupu. Wakasukumana wachungulie tena.

Ijumaa, 8 Machi
Kaja Jerioth, mjane wa rafiki yangu Orwa. Akasema shemeji, nipimie shamba. Nilitaka kukataa, Mungu ananiona. Lakini watu walikuwa wanatazama. Nikalenga penye mahindi. Doti ikatua juu ya chuma, pa! Akalia kwa furaha. Kesho anapeleka ng'ombe wake mnadani, huyohuyo mmoja, apate pesa za wachimbaji.

Jumatatu, 11 Machi
Nimeanza kuamini mwenyewe. Nikamwuliza Gati, aliyepitia mgambo. Akalenga choo: doti juu ya chuma. Akalenga kichuguu: juu ya chuma. Akasema Okech, wewe bwana, vikikubaliana maana yake kioo kimefungwa sawasawa, basi. Nikauliza kama chooni nako hakuna mali. Hakucheka. Akauliza kama ng'ombe keshauzwa. Keshauzwa.

Ijumaa, 15 Machi
Mita sita. Udongo, halafu maji. Mahindi yameng'olewa, watoto hawana maziwa. Nimeshuka kuchimba mwenyewe, bure, hadi viganja vikatoka damu. Jerioth kaniletea uji. Kasema pole shemeji, labda ulilenga pembeni kidogo. Heri angenitukana! Mzee Heche kasikia yote. Kachukua bunduki, kanirushia kioo changu, kanifukuza kazi.

Jumamosi, 16 Machi
Nimewaza sana. Kosa lilikuwa chuma! Pasipo chuma, nani atasema doti imeyumba? Kesho nakwenda Susuni na kioo kitupu. Kule wanahangaika kutafuta pa kuchimba visima. Nitawaambia doti inaona maji. Si kwa Jerioth yalitoka? Ng'ombe wa kwanza nitakayempata ni wake, nikiwa na bahati.
Bahati! Ile niliyoandika siku ya kwanza ni uongo. Sina. Sijawahi kuwa nayo.