Huzuni Zangu Zimeibiwa

Jumatatu, 20 Aprili 2020

Uchungu! Redio ya mtaa inasoma shajara za watu waliofungiwa ndani na korona, na leo wamesoma ya Bi Ubaldina, mwalimu mstaafu ninayepakana naye ukuta. Eti anawakumbuka wajukuu mpaka anawaandalia vikombe mezani. Bogotá nzima ikapiga makofi madirishani. (Sawa, barabara yetu tu.) Mimi niliyeanza na brashi moja na sasa nina duka la rangi, nani kanipigia makofi? Nikaketi kuandika ya moyoni. Saa mbili nzima! Nimepata mstari mmoja, nao unahusu bei ya rangi nyeupe.

Jumanne, 21 Aprili

Dawa yake: nikusanye huzuni za wengine. Tatizo, hakuna anayebisha hodi. Nimetundika kitambaa chekundu dirishani, kama wafanyavyo walioishiwa chakula. Hesabu yangu: kila mleta chakula atasimama, atalalamika, nitaandika. Wageni watatu, ukurasa mmoja.

Jumatano, 22 Aprili

Wamekuja saba! Kengele, mfuko mlangoni, mbio. Nimeona visogo tu. Nikampigia kelele aliyeleta dengu, anieleze anajisikiaje. Akajibu bila kugeuka, "Kula kwanza, mzee, upate nguvu za kuuliza!" Nina mchele wa kulisha kambi ya jeshi. Neno hata moja sina.

Alhamisi, 23 Aprili

Kaja Ubaldina na supu. Huyu hakukimbia. Akasogea nyuma, akasema ndani ya barakoa, "Jirani, jana gunia la viazi nusura likwame mlangoni kwako. Umeishiwa nini hasa?" Nikasema chumvi. Akacheka. Kisha akauliza, taratibu, mara ya mwisho nimeongea na mtu lini. Mtego huo! Nikaichukua supu, nikafunga mlango. Supu nimeinywa yote hapo hapo, nimesimama, nikisikiliza viatu vyake vikiondoka.

Ijumaa, 24 Aprili

Redio imesoma ukurasa mpya wa Ubaldina: jirani yake jiko limejaa, lakini katundika kitambaa chekundu kwa sababu ana njaa ya mtu. Kisha makofi, marefu kuliko ya Jumatatu! Mwizi! Upweke wangu, jasho langu, kitambaa changu. Makofi yake!

Jumamosi, 25 Aprili

Anagonga ukutani tangu asubuhi. Anauliza kama nimekula, kama nimelala, niseme lolote tu. Hanipati ng'o. Nikijibu, ataandika. Nitanyamaza hivi hivi mpaka nipate mtu wa kuzungumza naye.