Mkwe Aliyetoka Sapoti

Wamama wenzangu, mtoto akikuachia kompyuta umchajie, mchajie tu. Usiiweke karibu na benchi ya wanaume. Mimi naandika haya nikiwa bado natetemeka, na wale walionitetemesha wanacheka mpaka leo.

Benchi yenyewe iko mbele ya kibanda changu cha chai hapa Mukumu, kando ya barabara. Wateja wa kila siku ni watatu. Kuna Mwalimu Shitanda aliyestaafu, tunamwita Gazeti kwa sababu anasomanga kila karatasi, hata ile nimefungia mandazi. Kuna mzee Osundwa, huyo ni Josho. Alifanya kazi kwa josho la ng'ombe, pale wanapooshwa dawa ya kupe, mpaka likafungwa, na kila kitu duniani anakipeleka kwa ng'ombe. Halafu Abu wa Mumias, anauza chaja na makava ya simu. Yeye ni Hotspot, maana benchi nzima inaishi kwa bandali zake za intaneti.

Maurine wangu yuko Buyangu kwa attachment, yale mazoezi ya kazi ya kolegi, anahesabu ndege na nyani wa msitu. Mti ulianguka ukakata stima kule, ndio akaniletea kompyuta. Ripoti yake yote iko ndani, na bila hiyo ripoti hamalizi kolegi. Aliniambia akiwa ameshapanda boda: "Mama, ni kuchaji tu."

Asubuhi hiyo Gazeti alikula mandazi, akabaki na karatasi. Akanyamaza. Gazeti akinyamaza mbele ya maandishi, jua kuna msiba.

"Mama Maurine," akasema, miwani ikiwa kwa ncha ya pua. "Hii kompyuta ya mtoto ni Windows gani?"

"Sijui, Mwalimu. Mimi naijua kwa rangi. Ni nyeusi."

Hotspot akaifungua, akachungulia. "Ni Ten, mathe. Iko sawa tu."

"Haiko sawa! Imeandikwa hapa kwamba Windows Ten haipewi ulinzi tena. Sapoti imekwisha. Mwenye nayo ajipange."

"Hiyo gazeti ni ya lini?"

Gazeti akaigeuza karatasi, akainusa. "Tarehe imelowa mafuta. Lakini inasema mwezi wa kumi."

"Na sasa tuko wa tatu!" Hotspot akapiga goti. "Wallahi, imeshinda bila askari miezi hiyo yote."

Mimi nikaweka birika chini. "Mayi, mama yangu! Itazima? Itazima na ripoti ya mtoto?"

"Haizimi," Josho akasema. Alikuwa anafunika kikombe chake na mkono, inzi wasiingie. "Nyinyi hamwelewi kwa sababu hamjafanya kazi serikalini. Josho likifungwa, ng'ombe anakufa siku hiyo?"

"Hafi," tukajibu.

"Anaendelea kukamuliwa?"

"Anaendelea."

"Sasa kupe je? Kupe wakisikia josho limefungwa wanaleta rambirambi?"

"Hawaleti," tukajibu. Hata mimi wa darasa la saba nilielewa, na ndipo nikaogopa zaidi.

"Kwa hivyo hii kompyuta ina kupe," nikasema.

"Sijasema inao. Nimesema hakuna mtu anawatoa. Sisi pale joshoni tulikuwa tunabadilisha dawa kila mara, kwa sababu kupe anazoea. Huko kwa kompyuta pia wezi wanatafuta tundu jipya, kampuni inaziba. Sasa kampuni imeenda nyumbani. Ng'ombe kama huyo unamfungia zizini. Asichangamane."

"Mzee, kompyuta isichangamane na nani?" Hotspot akacheka. "Na redio?"

"Na intaneti yako wewe! Hiyo ndiyo malisho ya wote."

Ningemsikia Josho hapo, nisingeandika haya. Lakini Gazeti ni mwalimu, hawezi kukubali kuongozwa na mtu wa ng'ombe. "Hapana. Jambo la kitaalamu linaulizwa mtaalamu. Mpigie Maurine."

Nikapiga. Haishiki. Mtandao wa Buyangu unapanda na kushuka kama hao nyani wenyewe.

"Basi niachieni," Hotspot akasema. "Naiweka kwa grupu ya Wana-Mukumu Popote Walipo. Hakuna kitu hiyo grupu haijui. Nani amekufa, nani amezaa, nani amenunua mabati, wanajua wote."

Akaandika, akatusomea kwa sauti ya tangazo la mazishi: "Kwa masikitiko, kompyuta ya dada yetu Maurine imekwisha sapoti. Iko na mamake hapa kibandani Mukumu. Anayeweza kusaidia apige namba ya mama." Akamalizia na namba yangu. Akaweka na picha ya mikono inaomba.

"Umeweka na jina la mtoto?" nikauliza.

"Mathe, tangazo bila jina si tangazo."

Kweli, hapa kwetu ndivyo tunavyotangaza. Nikaona yuko sawa. Nilikuwa bado namimina chai wakati simu yangu ililia. Namba ngeni. Hotspot akaweka spika.

"Halo! Napiga kutoka sapoti ya kompyuta, Nairobi. Tumeona kompyuta yenu iko hatarini. Nataka kuwaongezea miaka ya ulinzi, bure kabisa."

"Bure!" Gazeti akatuangalia kama aliyeshinda uchaguzi. "Mmeona faida ya kuuliza?"

Yule mtu alikuwa na sauti tamu, Kiswahili kimenyooka. Akamwambia Hotspot aunganishe kompyuta na intaneti, afungue pale, abonyeze hapa, aweke programu fulani. Hotspot akawasha bandali zake. Josho akakohoa, akasema, "Mmemtoa zizini," lakini hakuna aliyemsikia.

"Sasa," sauti ikasema, "mnaona namba imetokea kwa skrini? Nisomeeni hiyo namba niingie, niwatengenezee kila kitu."

Hotspot akafungua mdomo. Josho akamwekea mkono begani. Msifikiri alikuwa ameshuku wizi. Ni adabu tu. Mzee wetu hajawahi kumpa mtu kitu kabla hajajua ni mtoto wa nani.

"Ngoja kwanza. Mulembe, hujambo bwana. Tunaongea na nani? Wewe ni wa wapi?"

"Mimi ni… mimi ni mtu wenu kabisa, mzee. Nimeoa hapo Mukumu."

Benchi yote ikasimama. Gazeti akavua kofia mbele ya simu. "Mkwe!"

"Karibu sana, mkwe!" Hotspot naye akasema, na yeye ni wa Mumias.

"Asanteni. Sasa ile namba…"

"Umeoa kwa nani?" Josho akauliza. "Hapa hatuna wasichana wengi tusiowajua."

Yule mtu akakohoa. Halafu sauti ikasema, kwa furaha ya mtu aliyekumbuka jibu la mtihani: "Maurine! Nimemuoa Maurine."

Sufuria ilianguka. Ni mimi niliyeiangusha.

Maurine wangu! Nimemsomesha kwa moshi wa jiko hili. Hajaniambia ana rafiki, hajaniambia ana mtu, kumbe ana bwana! Na huyo bwana ananipigia simu mchana, watu wanasikia, anataka namba!

"Mpe mama simu," Gazeti akanong'ona.

"Sitaki! Nitaongea vipi na mkwe ambaye hajafika kwangu?" Nikajifunika leso usoni, mbele ya simu, kama anaweza kuniona. Nyinyi wa kwetu mnajua. Mkwe na mama mkwe hawasalimiani ovyo ovyo, sembuse kusomeana namba.

"Mama, usiogope," sauti ikaita. "Mimi ni kama mwanao. Nisomee tu namba, hata nikija tutakula sahani moja."

"Sahani moja!" Josho akaishika simu kwa mikono miwili. "Kijana! Ule sahani moja na mama mkwe wako? Umelelewa na nani?"

"Mzee, ilikuwa mzaha. Kompyuta iko hatarini…"

"Achana na kompyuta! Wazee wako walikuja hapa lini? Nani aliwapokea? Mimi ni jirani wa hii boma na sijaitwa!"

"Walikaribishwa na nani?" Gazeti naye akaingia. "Na nani aliandika majina ya wageni? Hiyo kazi ni yangu!"

"Wazee wangu, hayo tutaongea baadaye. Wezi wanaingia kwa kompyuta sasa hivi!"

"Wewe ndiye umeingia!" Josho akafoka. "Umeingia kwa boma bila kubisha. Unaleta wazee lini?"

"Jumamosi!" yule mtu akalia. Sauti tamu ilikuwa imeisha. "Jumamosi nitawaleta, haki ya Mungu. Sasa nisomeeni namba!"

"Vizuri," Josho akasema, akatulia kabisa. "Basi namba utasomewa Jumamosi, mbele ya wazee."

Tukasikia pumzi. Tukasikia tusi moja ambalo siandiki. Simu ikakatwa.

"Ana hasira," Gazeti akasema. "Maurine atapata taabu kwa hiyo nyumba."

Mimi nilikuwa nimekaa chini, nalia kwa leso. Kompyuta iko pale inawaka, namba yake bado kwa skrini, na hakuna hata mmoja wetu aliyeifikiria. Tulikuwa tunapanga nani atachinja.

Ndipo Maurine akapiga. Mtandao ulikuwa umepanda mti.

"Mama, nimeona kwa grupu…"

"Maurine! Umeolewa?"

"Nini?"

"Usinifiche! Bwana yako amepiga. Anataka tukule sahani moja!"

Ilichukua muda mrefu kuelewana, kwa sababu nilikuwa nalia na watu watatu walikuwa wanamweleza pamoja. Alipoelewa, hakucheka. Sauti yake ikawa ndogo, ile ya akiwa mtoto mgonjwa.

"Mama. Mlimsomea namba?"

"Hatukumsomea. Amekosa adabu."

"Hata moja?"

"Hata moja. Josho alikataa mpaka wazee waje."

Akavuta pumzi mpaka ndege wa huko wakasikika. "Hotspot, zima hiyo hotspot. Sasa hivi."

"Kuna video ya fahali wa Khayega wakipigana inashuka hapa, imebaki kidogo…"

"Zima!"

Akazima. Maurine akatueleza polepole, na mimi nawaeleza nyinyi kama alivyotueleza. Hakuna mtu wa sapoti anayempigia simu mtu ambaye hakumwita. Huyo alikuwa mwizi, alisoma tangazo letu, na ile namba ndiyo ufunguo. Angeingia, angefungia ripoti yote au angeifuta. Na Windows Ten kweli imeachwa, lakini kompyuta haifi. Kama mashine ina nguvu, inapewa ile Windows mpya bila malipo. Kama ni mzee kama hii yake, kuna namna ya kuombea ulinzi wa muda kwa kampuni yenyewe, au inawekewa mfumo mwingine wa bure unaoitwa Linux. Ila kwanza kabisa kazi inanakiliwa pembeni, kwa flash. Na mpaka hayo yafanyike, haiguswi na intaneti.

"Kwa hivyo inafungiwa zizini," Josho akasema.

"Ndiyo, mzee. Zizini."

Josho hakusema kitu kingine. Alikunywa chai yake na kidole kidogo kikiwa juu, na Gazeti alijifanya anasoma upande wa pili wa karatasi, ambao ulikuwa tangazo la magodoro.

Jumamosi Maurine akaja mwenyewe. Akaitoa ile programu ya mwizi, akanakili ripoti kwa flash mbili, moja nimeifunga kwa kona ya leso yangu na nalala nayo. Akaiwekea hiyo Linux, kompyuta ikaamka, ndege na nyani wake wote wako. Nikachinja ingokho, kuku wa wageni, kwa shukrani, maana jogoo nilikuwa nimeshamfunga tangu siku ile ya simu.

Lakini chakula kilipoiva, Josho alikuwa bado nje kando ya barabara, amevaa koti la harusi za watu, fimbo mkononi, anaangalia kila gari linalopunguza mwendo.

"Mzee, njoo ule," nikamwita. "Yule alikuwa mwizi, tulishakuambia."

"Najua ni mwizi," akasema bila kugeuka. "Lakini alisema Jumamosi."

Basi wamama, mkipigiwa na sapoti, msisome namba. Muulizeni ameoa kwa nani, kisha mpeni Josho simu.