Vita Baridi ya Uwanja wa Shule

Jumatatu, 16 Juni 2025
Nimekwisha! Nimetoa vibali viwili vya ngoma: uwanja mmoja, siku moja. Jumamosi hii, uwanja wa shule, Mzee Americo anawatoa wajukuu zake jandoni. Jumamosi hii hii, uwanja huo huo, Bi Husna anawatoa wa kwake. Mihuri yote miwili ni yangu. Imenyooka vizuri sana, hilo ndilo linalouma.

Barua ya kuthibitishwa kazini inatoka Jumatatu ijayo. Bi Modesta, mtendaji wetu, alishaniambia kwamba karani wa majaribio akiboronga jambo kubwa, anarudi kwao. Kwetu ni Shangani, Mtwara mjini. Mama ameshawatangazia majirani kwamba mimi ndiye serikali ya huku mtoni Ruvuma.

Nikiri? Thubutu! Ninacho kitabu changu cha chuo cha siasa za dunia. Mataifa makubwa yalikaa miaka na mabomu ya kuteketeza kila kitu, na hayakurushiana. Kwa nini? Yaliogopana! Huo ndio uzuiaji kwa vitisho. Basi nitamtisha mmoja, aahirishe.

Jumanne, 17 Juni
Nimemnong'oneza Mzee Americo kwamba Bi Husna amekodi spika sita. (Uongo. Ana ngoma tatu na filimbi.) Mzee, ambaye babu yake alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji na mkeka tu, alicheka hadi akakaa chini. Akasema mwaka huu yeye atamzika bibi yule, na kipimo cha jeneza lake ameshachukua.

Jeneza!

Nikakimbilia kwa Bi Husna kumwambia kwamba mzee ana spika nane. Yeye akanituma nimwambie mzee kwamba atamrudisha kwao kwa kuogelea, na mamba wasihofu: wakimwonja watamtema, nyama imeshakakamaa. Sikufikisha ujumbe. Nilikunywa maji glasi tatu.

Jumatano, 18 Juni
Mashindano ya silaha! Bi Husna amepokea spika kumi, zimefika kwa pikipiki. Mzee Americo amejibu kwa kuagiza wacheza vinyago kutoka ng'ambo ya mto, wanavukia kivuko cha Kilambo. Kufika saa tisa, Bi Husna ameshakodi kamera inayoruka kutoka Mtwara mjini. Ndege isiyo na rubani, kijijini kwetu!

Kitabu kinasema mashindano haya huisha upande mmoja ukifilisika. Hakuna dalili. Korosho zilikuwa nzuri mno.

Alhamisi, 19 Juni
Nimeunda eneo la kutenganisha majeshi: mstari wa chokaa katikati ya uwanja. Kabla ya adhuhuri mbuzi wa Bi Husna ameulalia na kuufuta wote. Mzee Americo ametangaza uvamizi na kumkamata mbuzi. Bi Husna amejibu kwamba amle tu, huenda akapata akili.

Mateka wa vita! Bi Modesta ameuliza kwa nini suruali yangu ina chokaa. Nimesema mazoezi.

Ijumaa, 20 Juni
Nimechagua kutofungamana na upande wowote. Yaani nimejifungia ndani.

Jumamosi, 21 Juni
Nilijificha stoo ya ofisi. Vijana wanne, wawili kila upande, wamenitoa na kunibeba juujuu. Nilipiga kelele kwamba nina kinga ya kidiplomasia. Wakasema hiyo nayo italiwa.

Uwanjani ngoma za pande zote zinapigwa pamoja! Wajukuu wamekaa mkeka mmoja, wanang'aa mafuta. Bi Husna akaniinamia: "Mwanangu, hawakukwambia? Sisi ni watani!" Bibi yake na babu wa Americo walianza kutukanana tangu ujana wao. Kila mwaka huomba uwanja mmoja, siku moja, makusudi. Mtani asipokutukana siku ya furaha yako, jua ana kinyongo. "Naye huyu kafiwa na mbuzi bure!" akadakia Mzee Americo, akinionyesha sufuria.

Nikafungwa kitenge. Kinyago kikanikimbiza mizunguko mitatu, ndege ikinifuata kutoka juu. Bi Modesta, mstari wa mbele, alicheka hadi machozi. Nimekula mabakuli mawili. Nimecheza! Sijui kucheza, lakini nimecheza.

Jumatatu, 23 Juni
Nimethibitishwa kazini! Bi Modesta anasema wazee wote wawili walikuja kuniombea, wakisema hawajacheka hivyo miaka mingi. Kisha akaniasa: kabla sijapanga jambo lolote, niwaulize wenyeji. Nikasema nimeelewa, mama.

Nimetafakari kwa kina. Spika kumi, vinyago, ndege moja, na hakuna aliyejeruhiwa. Uzuiaji kwa vitisho umefanya kazi! Na wazee kuja kuniombea, ile ni hofu. Wananiogopa.

Mchana wameingia wenye mitumbwi wawili wanaogombea sehemu moja ya kuvushia watu. Bi Modesta amesema atakaa nao kesho. Kwa nini tumchoshe? Nimemvuta wa kwanza pembeni na kumwambia kwamba mwenzake ameagiza injini ya nguvu za farasi arobaini. Hakucheka hata kidogo. Amekaza meno, ameondoka bila kuaga, na panga lake mkononi.

Ishara nzuri sana.