Jiko la Haidrojeni na Posa ya Gaëlle

Jumatatu, 5 Mei
Kampuni ya gesi inatafuta nyumba moja hapa mtaani kwetu Hallonbergen, Uswidi, ya kujaribia gesi iliyochanganywa na haidrojeni. Atakayechaguliwa anapewa jiko jipya, bure. Na Jumamosi wakwe wanakuja kumposa binti yangu Gaëlle. Hao asili yao ni Bukavu, Kongo, kama sisi; wanakagua jiko kabla ya kumtazama bibi harusi. Lazima liwe langu. Tatizo ni jirani yangu, Mama Ghislaine. Naye ameomba.

Jumanne, 6 Mei
Nimesoma kwamba haidrojeni ikiungua inatoa maji. Sikusoma zaidi, hakukuwa na haja. Nikamkuta Ghislaine chumba cha kufulia. Nikamwambia, kwa masikitiko, kwamba gesi hiyo inamwaga maji ndani ya sufuria, sombe, yaani kisamvu chetu, haiivi, na mlaji anavimba tumbo. Akauliza nani kasema. Nikasema wataalamu. Maskini, amejitoa.

Alhamisi, 8 Mei
Jiko limefika. Fundi akasema haidrojeni ni kidogo tu, tupike kama kawaida. Nikamwomba apunguze sauti, kuta zina masikio. Ghislaine kwa woga ameikimbia gesi kabisa, kanunua jiko la umeme. Gaëlle akaniambia kwa Kiswidi nione haya. Watoto wa kuzaliwa huku!

Jumamosi, 10 Mei
Mke wangu Séraphine alipika tangu alfajiri: bukari, yaani ugali wetu, sombe, nyama ya mbuzi. Wakwe wakaingia, nikawaonyesha jiko. Wakatazamana. Msemaji wao, Papa Herménégilde, akasema samahani, wamefunga, wako kwenye maombi. Wote? Wote, hata mtoto wa kunyonya. Kumbe habari ya maji ilikuwa imeshafika mtaani kwao, Fisksätra. Kanisa zima linaijua.

Mkwe asipokula kwako, posa hakuna. Gaëlle akajifungia chumbani akalia. Roho iliniuma, sitaficha. Ndipo Ghislaine akabisha hodi na masufuria ya chakula alichopika kwa umeme. Mfungo ukaisha palepale. Walikula mpaka ukoko. Posa imekubaliwa, kwa sharti moja: chakula cha harusi apike Ghislaine.

Jumapili, 11 Mei
Sikupata usingizi kwa hasira. Jiko jipya langu, sifa zote zake. Huyu mama lazima akomeshwe kabla ya harusi. Leo baada ya ibada, watu wakiwa kwenye kahawa, nitaanza kunong'ona kwamba umeme unabaki ndani ya nyama.