Goti la Bibi na Nguzo Elfu Moja

Jumatatu, 9 Februari 2026

Habari kubwa! Kubwa mno! Bibi anakwenda kufanyiwa upasuaji wa goti India. Chennai, baada ya Pasaka! Mama katangaza huku akigawa ndizi, kama mtu anayesema kesho kutanyesha. Msindikizaji ni mmoja tu. Atachaguliwa Jumapili kwenye kikao cha ukoo, kule Edmonton, upande wa pili wa jiji letu, nyumbani kwa Baba Mkubwa Anselm.

Msindikizaji ni mimi. Wao bado hawajajua.

Chennai iko kusini mwa India. Na kusini mwa India ndiko kwenye mahekalu ninayoyasoma tangu nilipopata kadi ya maktaba. Kule Madurai kuna hekalu lenye minara iliyojaa sanamu za kila rangi kuanzia chini mpaka kileleni. Ndani yake upo Ukumbi wa Nguzo Elfu Moja. Kitabu kimoja kinasema nguzo ni 985. Kingine kinasema ni elfu kamili. Nani alihesabu? Nataka kuhesabu mwenyewe, nikizigusa moja moja. Sijawahi kutaka kitu kingine namna hii.

Kikwazo: Dada Lilian, binti wa Baba Mkubwa. Ana miaka ishirini na miwili, kazi yake ni kutunza wazee, na anaweza kumwinua mtu mzima kitandani huku akiongea na simu. Mimi nina kumi na mitano. Nikitumwa mkate, njia nzima najifunza jinsi ya kuuomba.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu za kiusalama. Mdogo wangu Samson anakielewa lakini kukisoma hawezi. Mama hana nafasi. Bibi yumo chumbani kwangu tangu alipotufikia huku Ulaya wakati wa Krismasi, yeye kitandani, mimi chini, lakini miwani yake aliisahau Bukoba. Shajara iko chini ya godoro analolalia. Hata benki hawana usalama huu.

Jumanne, 10 Februari

Utafiti umeanza! Nimezungumza na Vijay. Nakaa nyuma yake darasani mwaka wa pili sasa na nimewahi kumwambia neno moja, "samahani", mara mbili. Kwao ni Madurai. Leo nimempa karatasi yenye maswali ishirini na matatu.

Akaisoma. Akanitazama. Akasema Madurai alipelekwa mara moja akiwa na miaka sita, na anakumbuka tembo na kutapika. Nikamuuliza tembo alisimama mnara gani, wa mashariki au wa kusini. Akasema yeye ni mtu wa mpira, niende dukani nikamuulize mama yake.

Nikaenda! Peke yangu! Duka lao liko karibu na stesheni ya Rayners Lane. Nilizunguka kwenye rafu ya dengu kwa dakika kumi mpaka mama Vijay akadhani naiba. Kisha akanichorea ramani ya hekalu zima kwenye mfuko wa karatasi. Akanionya kwamba viatu vinaachwa nje, na mwezi wa nne sakafu ya mawe inaunguza kama kikaango. Soksi nene ni lazima. Nimetoka pale nikirukaruka, na kilo mbili za dengu.

Nyumbani nikamgusia Bibi taratibu kwamba jirani na Chennai, mahali paitwapo Mahabalipuram, kuna jiwe kubwa la mviringo limekaa kwenye mteremko na haliporomoki, karne baada ya karne. Bibi akasema mawe yapo Mwanza. Nikataja milima ya chai ya Munnar. Akasema chai ipo kwetu, tena ukitoka nyumbani unaiona. Nikataja maporomoko. Akauliza kama goti lake ninaliona la kitalii.

Itahitajika hila.

Asubuhi miwani yangu ya kusomea haikuwa mezani. Nimeikuta kwenye mto wa Bibi. Msisimko umenifanya msahaulifu.

Alhamisi, 12 Februari

Nimemaliza! Kurasa nne! Kichwa chake: "Ratiba ya Tiba ya Goti." Kila kivutio nimekipa jina la kidaktari. Naandika hapa ukweli wake, nisije nikasahau:

Mazoezi ya kupanda: Tiruchirappalli, hekalu juu ya mwamba, ngazi zaidi ya mia nne. Tiba ya maji: maporomoko ya Hogenakkal, ambako unapanda mtumbwi wa duara kama ungo na unazungushwa chini ya maji yanayomwagika! Tiba ya joto: sakafu ya hekalu saa saba mchana bila viatu. Na mazoezi ya mwendo wa polepole: Ukumbi wa Nguzo, nguzo moja hadi nyingine, huku msindikizaji akihesabu kwa sauti ili kumpa mgonjwa moyo.

Nani atagundua? Hakuna!

Baada ya shule nimejifunza kuinua mgonjwa. Mgonjwa alikuwa Samson. Nilimnyanyua kutoka kwenye kochi kama video inavyoelekeza, tukaenda vizuri hatua moja, kisha tukaangukia meza pamoja na chupa ya chai ya Mama. Samson, kwa Kiingereza chake, akasema nikienda India Bibi atarudi ndani ya sanduku. Nikamwambia hana subira na sayansi.

Ijumaa, 13 Februari

Jambo la ajabu. Tunakula, mara Bibi akauliza: mtumbwi wa duara hauna mbele wala nyuma, sasa mwendeshaji anajuaje anakokwenda?

Sikumbuki kumwambia habari za mtumbwi. Lakini swali zuri jamani! Nilijibu kwa dakika ishirini. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, wali ukapoa. Kisha akamwagiza Mama soksi. Nene.

Jioni akaja Dada Lilian na mashine ya kupima presha, katinga kama daktari mkuu. Mimi ananiita Profesa. "Profesa, hujambo? Umeshasoma kamusi yote?" Akampima Bibi, akamkanda goti, akamchekesha, yote ndani ya robo saa. Nikamuuliza, kwa sauti yangu ile isiyotoka, kama akichaguliwa atakwenda Madurai. Akasema atakwenda madukani kutafuta sari na bangili, mahekalu atayaona kwenye simu.

KWENYE SIMU!

Nilikwenda kukaa bafuni mpaka akaondoka.

Jumapili, 15 Februari

Kikao. Nitaandika haraka kabla ya kulia.

Baba Mkubwa alifungua kwa sala, halafu salamu, halafu sala nyingine. Watu kumi na mmoja sebuleni, makoti yamerundikwa kwenye ngazi. Akauliza kama yupo mwenye neno. Nikasimama. Nikafungua Ratiba. Sauti ikakataa. Baba Mkubwa akasema, "Binti, ongea, hatupo maktaba." Nikasoma "Ratiba ya Tiba" na hapo pumzi ikakatika.

Ndipo Bibi akaendelea!

Bila karatasi! Kaketi kwenye kochi, mguu juu ya kigoda, akasema kwanza kutakuwa na mwamba wenye ngazi mia nne, naye atakaa chini kwenye kivuli aangalie wengine wakipanda. Kisha maporomoko, kwenye ungo unaozunguka. Kisha hekalu la Madurai, asubuhi na mapema kabla mawe hayajapata moto, akiwa na soksi zake. Na humo ndani zihesabiwe nguzo, maana wapo wanaosema 985 na wapo wanaosema elfu, na jambo hilo haliwezi kuachwa hivyo.

Nguzo! Sijamwambia mtu yeyote habari za nguzo!

Mama akanitazama mimi. Baba Mkubwa akasema hakujua kwamba mama yake ni msomi kiasi hiki. Nilijua nimeshinda. Nilishaanza kufikiria dirisha la ndege.

Dada Lilian akainua mkono, kwa adabu kabisa, akaomba kusoma nakala ya barua ya hospitali. Msindikizaji wa mgonjwa awe ametimiza miaka kumi na minane.

Vitabu vitatu nimesoma. Kurasa 812. Barua ni ukurasa mmoja, na imebandikwa kwenye friji yetu tangu Jumatatu, chini ya sumaku ya ndizi.

Kura haikupigwa. Dada Lilian amepewa Ratiba yangu na ameahidi kuifuata yote, Bibi kamwapisha mbele ya ukoo. Nguzo nazo atazihesabu. Yeye! Atapoteza hesabu kwenye arobaini, simu ikilia.

Kwenye treni Bibi alinishika mkono njia nzima. Nimemshtaki Samson kwa kusoma shajara yangu. Akaniapia hawezi kusoma hata jina lake kwa Kiswahili. Nikamwambia jina lake ni lile lile. Kwa hiyo sijui.

Jumanne, 17 Februari

Nimefufuka! Nimeisoma barua. Mara sita! Msindikizaji anawekewa umri. MGONJWA hawekewi!

Tangu jana nachechemea. Shule zimefungwa wiki hii, nina muda wa kutosha kuumwa. Nimepanda ngazi kwa kuvuta mguu, nikaguna mlangoni, nikashika ukuta. Mama akasema nivue viatu vya shule vinabana. Nitaendelea. Mpaka Pasaka nitakuwa siwezi kutembea, na hospitali ya magoti ni ile ile, na ndege ni ile ile. Hila kamili!

(Chini ya maneno hayo, kwa wino wa bluu:)

Jana ulichechemea mguu wa kushoto, leo wa kulia. Chagua mmoja. Goti langu la pili nalo ni bovu, ila nimeamua litasubiri hadi utimize miaka kumi na minane. Lilian akikosea hesabu, tutahesabu upya mimi na wewe. Usimwambie. Miwani nimekufutia. Bibi yako.

Jumatano ya Majivu, 18 Februari

BIBI!

Amekuwa akisoma! Yote! Chumba kile kile, godoro lile lile, na miwani YANGU! Aibu niliyonayo inatosha ukoo mzima. Nimesoma maneno yake mara tisa. Miaka mitatu. Tutahesabu upya, mimi na yeye. Nimelia kidogo, kisha nikala andazi.

Miaka mitatu lakini ni mingi. Pasaka ni wiki sita na siku nne.

Na hapo likaja wazo! Wazo kubwa kuliko yote! Kama Bibi anasoma shajara hii, basi kuanzia leo nitaandika humu yale tu ninayotaka ayaamini. Polepole, ukurasa kwa ukurasa, atabadili mawazo mwenyewe na hatajua yametoka wapi. Hawezi kugundua kabisa. Nitairudisha chini ya godoro lake, na miwani nitaiacha mezani aione.

Naanza sasa.

Kwa ajili ya Kwaresima nimeacha hila zote. Namtakia Dada Lilian safari njema kwa moyo safi. Inasikitisha tu, nimesikia, jinsi anavyotapika kwenye ndege.