Barakoa Ndogo Kuliko ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Majibu yametoka. Nikilala, pumzi inakatika. Inakatika, inakaa huko ilikokwenda, kisha inarudi kwa kishindo kama mgeni aliyefungiwa mlango. Ndivyo zilivyosema zile nyaya walizonibandika kichwani wiki iliyopita nilipolala kwenye kituo chao cha kupimia usingizi. Nikamwambia daktari huenda kosa ni la mto wao. Mto ule umejazwa vipande vya sponji chakavu, nimeujua kwa kuubonyeza tu. Mimi nauza magodoro. Usingizi ndio kazi yangu! Daktari akasema kazi hiyo itaniua nisipopata mashine ya kunisukumia hewa. Mganga hajigangi, akaongeza. Sikucheka.

Mke wangu hakushangaa hata kidogo. Alisema yeye hakuhitaji nyaya. Miaka yote amekuwa akilala sikio moja liko kazini: pumzi ikikatika ananipiga kiwiko, ikirudi anamshukuru Mungu. Sasa amechoka. Amehamia chumba cha binti yetu aliyeko chuoni, ukuta mmoja tu kati yetu, na hatarudi mpaka asikie kwa masikio yake mwenyewe kwamba napumua usiku kucha. Nikamwambia kitanda chetu ni kikubwa mno kwa mtu mmoja. Akasema anajua, na ndiyo maana hataki kukirithi.

Basi. Lengo ni moja: mke arudi. Kesho nachagua mashine na barakoa yake. Kaka yake mke wangu amejitolea kunisindikiza, kwa kuwa ana ugonjwa huohuo na alianza tiba mwaka jana. Nimekataa. Shemeji huyu mimi humwita Bwana Maelekezo. Ni mtu anayesoma maandishi ya kwenye kibiriti kabla ya kukiwasha. Barakoa yake inafunika pua na mdomo, anaiosha kila asubuhi kwa sabuni ya mtoto, na tangu aanze kuivaa anasimulia ndoto zake kwenye shughuli za watu.

Jumanne, 4 Machi

Nimetoka kwa mtaalamu wa vifaa. Mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani, simu yake inaita na hapokei. Akanipangia barakoa tatu mezani. Kubwa, ya kufunika pua na mdomo. Ya kati, ya pua tu. Na ndogo kabisa, vijipira viwili vya kuchomeka kwenye tundu za pua. Akaniuliza, nikilala mdomo unafunguka? Nikasema hapana. Akautazama mdomo wangu. Ulikuwa wazi, nilikuwa nimetoka kupanda ngazi. Akasema kwa mtu kama mimi angeshauri ile kubwa.

Angeshauri! Hapo nikamjua. Nimeuza magodoro tangu sijaota masharubu, na sijawahi kumshauri mteja kitu kwa faida ya mteja. Nikimwambia mtu kwamba mgongo wake unahitaji godoro fulani, maana yake godoro hilo limekaa ghalani mpaka panya wamelizoea. Kwa hiyo barakoa kubwa zimemdodea, anatafuta wa kumbebesha. Mjanja hadanganywi na mjanja mwenzake. Nikachukua ndogo. Tena haigusi masharubu, na ni ndogo kuliko ya shemeji.

Kwenye mashine akarudia mchezo uleule. Akasifia moja nene, yenye kidumu cha maji ubavuni cha kulainisha hewa. Mimi nikaonyesha ile ndogo nyeusi, yenye taa ya buluu. Akasema hiyo ni ya wasafiri, haina maji, itanikausha koo. Nikamwambia mimi ni msafiri. Si uongo. Kila siku nakwenda dukani na kurudi. Akashusha pumzi, akanipa nikajaribu, akasema nikiona hazifai nirudi nibadilishe, wala si aibu. Maneno hayohayo mimi huwaambia wateja wangu! Huwa wanaona aibu. Hawarudi.

Jumatano, 5 Machi

Usiku mbaya. Hewa iliingia puani kama ilivyoahidiwa, ikazunguka, ikatokea mdomoni. Nimeamka ulimi mkavu kama soli. Mke wangu akauliza kwa adabu kama nilikuwa najaza tairi. Nikamwambia mwili unaizoea mashine. Akasema sawa, na yeye anakizoea kitanda cha binti yake. Kidogo, lakini kimetulia.

Hilo la kuzoea sikulipenda.

Dukani nimesinzia nimesimama, nikieleza tofauti ya inchi sita na inchi nane. Mteja akamwuliza bosi kama mimi ni mgonjwa. Bosi akasema hapana, huo ndio ubora wa bidhaa zetu.

Alhamisi, 6 Machi

Tatizo nimelipata. Si barakoa. Ni mdomo! Mdomo ukifungwa, hewa haitakuwa na pa kutorokea. Nimechukua dukani utepe wa kufungia magodoro, ule mpana wa kahawia, ambao hata mvua haiuwezi. Sijamwambia mtu. Uvumbuzi hautangazwi mapema.

Ijumaa, 7 Machi

Utepe ulishika. Hilo silikanushi. Muda si muda nikahisi nazama, nikauvuta kwa nguvu zangu zote. Ukatoka na masharubu ya upande wa kulia.

Masharubu yale nilikuwa nayo siku ya harusi yangu. Nilisimama mbele ya kioo nikiyachana ya kushoto yafike kulia. Hayakufika. Nikanyoa yote. Mke wangu aliingia bafuni, akaniona, akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea akicheka mpaka akashika mbavu. Nilifurahi kumsikia. Zilikuwa zimepita siku nyingi. Kisha akauliza imekuwaje, nikamweleza habari ya utepe, akaacha kucheka. Akasema asiyesikia la mkuu. Hakumalizia. Akatoka, akafunga mlango polepole, na mlango ukifungwa hivyo nyumba hii huwa haikaliki.

Bosi hakunitambua. Alinionyesha magodoro mawili kabla sijafungua kinywa. Akanishauri lile la ghali.

Jumamosi, 8 Machi

Bwana Maelekezo amekuja kula chakula cha mchana. Macho meupe, mgongo umenyooka, hapigi hata mwayo mmoja. Alinipa pole ya masharubu, kisha akasema sasa uso umekuwa mzuri kwa barakoa kubwa, itakaa bila kuvuja. Akatoa simu akanionyesha picha akiwa ameivaa. Anatabasamu humo ndani! Mke wangu akaniangalia. Akauliza, kama mtaalamu alishasema inabadilishwa, tatizo langu liko wapi? Tatizo ni kwamba nikivaa barakoa ya shemeji nitakuwa nimeshindwa na mtu anayepanga soksi zake kwa rangi.

Nikaondoka kwenda dukani, na njiani mpango ukanijia. Mke wangu anataka kusikia pumzi zangu. Hakusema zitoke wapi. Nikajilaza kwenye kitanda cha maonyesho, nyuma ya rundo la magodoro, nikaiwasha simu irekodi, nikapumua. Pumzi ndefu, tulivu, za mtu mwenye dhamiri safi. Nilipumua mpaka wakaingia wateja, mke na mume, nikanyanyuka haraka kuwahudumia. Wamenunua kitanda kipana na godoro lake. Siku njema!

Usiku simu itakaa karibu na ukuta, ijirudie yenyewe. Sikuisikiliza mpaka mwisho. Nani ana muda wa kusikiliza pumzi zake mwenyewe?

Jumapili, 9 Machi

Imefanya kazi! Nilikaa macho nimeegemea mto, simu ikinipumulia. Nilipomsikia mke wangu ameshalala, nikaizima. Asubuhi alikuja akaketi kando ya kitanda. Alisema mwanzoni alisikiliza kwa hofu, akingoja ikatike kama ilivyo ada. Haikukatika. Akapitiwa na usingizi wa pono, ambao hakumbuki lini aliupata mara ya mwisho. Akanishika mkono. Akasema usiku wa leo atasikiliza mara moja tu ya mwisho, kesho anauhamisha mto wake. Akaenda jikoni akiimba.

Nikaona haya. Kidogo. Kisha nikakumbuka kuchaji simu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeumbuka.

Sikutazamia kwamba na mimi ningelala. Vijipira vikachomoka puani vikahamia shavuni, nikalala fofofo, na simu ikaendelea peke yake hadi kule mwisho ambako sikukusikiliza. Kumbe nilipowaendea wale wateja sikuizima. Baada ya pumzi zangu tulivu kuna sauti ya mwanamke. Inasema hebu sogea kidogo, mpenzi, tuone kama tunatosha. Inasema hapa tutalala raha. Alikuwa akimwambia mumewe! Mumewe, kwa bahati mbaya, ni mtu asiyesema.

Mke wangu aliingia na pasi mkononi. Hakukuta mwanamke. Alinikuta mimi, chali, kimya kabisa, kifua hakipandi. Pembeni simu ilikuwa imejirudia mwanzo, inapumua vizuri. Alinitikisa mpaka nikagutuka. Neno langu la kwanza lilikuwa kuuliza kama mteja atahitaji na mito.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Asubuhi amesema jambo moja tu, amenipa kisogo. Kwamba usiku ule alipolala kwa raha, ningeweza kufa nyuma ya ukuta na simu ingeendelea kupumua. Na yeye angeendelea kulala, akishukuru. Kisha akalia. Nimemwona akilia misibani. Kulia kwa ajili yangu, nami nimesimama mbele yake mzima, sijawahi kuona. Iliniuma sana. Mimi ambaye sikosi neno mbele ya mteja, nikamnyooshea taulo langu.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda kubadilisha. Nilijiandaa kusimangwa. Mtaalamu hakunisimanga, alikuwa anatafuta miwani yake. Ilikuwa kifuani. Akanivisha barakoa kubwa. Nikaikaza mikanda, akailegeza, nikaikaza, akanipiga kikofi cha mkono, akasema inatakiwa ikae tu, isibane. Akaleta ile mashine nene yenye kidumu cha maji. Akanilaza kwenye kochi lake nijaribu kidogo. Nilipoamka, viti vya wagonjwa vyote vilikuwa vitupu na yeye anakunywa chai.

Wakati wa kuondoka akanishauri nichukue na vitambaa maalumu vya kufutia barakoa. Vitambaa! Hata mimi najua sabuni ya mtoto inatosha. Halafu akasema vimebaki vichache. Nilifurahi mno. Kumbe ni mfanyabiashara kama sisi! Nimechukua pakiti tatu, na tangu hapo namwamini kabisa.

Alhamisi, 13 Machi

Pumzi haikukatika. Usiku wa kwanza mke wangu alibaki upande wake wa ukuta. Jana ameingia na mto wake, akauweka, akanyoosha mkono akapapasa chini ya mto wangu na nyuma ya mashine kutafuta simu. Hakuikuta. Akalala ananitazama kama mtu anayelinda maziwa jikoni. Nikapumua. Mimi mwenyewe.

Nimeamka yeye bado amelala, mdomo wazi, anakoroma kidogo, mkono wake juu ya mpira wa hewa wa mashine. Sikuusogeza. Nilitulia hivyo hadi jua likaingia chumbani, nikiwa na furaha ya kijinga ambayo sikumwonyesha mtu. Kichwa chepesi. Nimeota ndoto, tena ya rangi. Shemeji hatajua.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepona!

Dukani sisinzii. Nimeuza hata yale magodoro ya panya. Leo nimekaa nikatafakari kitaalamu. Mtu anayelala vizuri namna hii ana ugonjwa gani? Hana. Na mashine ni ya wagonjwa. Bwana Maelekezo anaivaa mwaka mzima sasa, maana yake mwili wake ni mzito kuelewa. Mimi nimemaliza kabla hata pakiti moja ya vitambaa haijaisha. Nimempita shemeji, tena mbali!

Nilimgusia mke wangu kwa juujuu wakati wa chakula. Alinitolea macho, nikageuza mazungumzo, tukaongea habari za binti. Si lazima ajue kila kitu. Shida yangu yote ya nyuma ilikuwa kwamba mwanamke huyu anasikia. Siku hizi hasikii. Akishaweka kichwa kwenye mto, hata radi haimwamshi. Basi usiku wa leo namngoja alale, navua barakoa taratibu, mashine naiacha ivume vilevile ili chumba kisibadilike sauti, na asubuhi naivaa tena kabla hajafumbua macho. Safari hii mpango hauna kasoro. Pumzi ikikatika au isikatike, hakuna atakayesikia.